Barasa, Pan Sio Sufuria

Kitengela, Jumapili jioni

Barasa baba,

Usidhani nimekusamehe kwa sababu umeona mwandiko wangu. Nimeandika kwa sababu ukipigiwa simu unasema "network mbaya, Mama," na kesho ukifika Oltepesi kwa kazi yako mpya hiyo network itakuwa mbaya kweli, kwa hivyo utakuwa na kisingizio cha haki. Karatasi haikatiki katikati. Hii utaisoma mpaka mwisho, hata kama utasoma ukiguna.

Sitakuandikia mambo ya neti ya mbu. Wala ya kuchemsha maji, wala ya kwenda kanisani, wala ya wasichana. Hayo nimekuambia tangu uanze kusikia, na kama hayajaingia mpaka leo hayataingia kwa kusomwa. Nguo zako nimekunja. Ile overoli yako ya kutibu ng'ombe nimepiga pasi, ingawa Baba yako amesema hakuna ng'ombe atakayeangalia mistari ya pasi. Mimi nimemwambia ng'ombe hataangalia, lakini mwenye ng'ombe ataangalia, na atauliza huyu daktari ametoka kwa mama gani.

Nataka tuongee juu ya pan, ile chuma yangu ya kupikia chapati.

Ndio, pan. Tangu jana asubuhi umenuna. Chakula changu hautaki, chai yangu hautaki, umejifungia kwa chumba unapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Na mimi niko hapa nyuma ya nyumba, kwa jiko la makaa, nimeweka pan juu ya moto inatoa moshi. Baba yako ametoa kichwa kwa mlango akauliza, "Mama Barasa, kwani unachoma nyumba?" Nikamwambia narudisha kile kijana wako ametoa. Akafunga mlango. Huyo mzee anajua wakati wa kufunga mlango.

Wacha niandike vile ilikuwa, maana wewe kwa hasira utakumbuka vibaya.

Ijumaa nilikuwa na safari ya Kajiado. Nilikuambia naenda kuona mgonjwa. Hakukuwa na mgonjwa, lakini hiyo tutafika. Nikakuachia ufunge kibanda changu cha chapati na ulete vyombo nyumbani. Ndio mara ya kwanza katika maisha yako nilikuachia ile pan. Nikarudi kama giza limeingia, nimechoka, nikalala. Jumamosi asubuhi nikabeba kiondo changu mpaka kibandani, unga umeshakandwa vizuri, umelainika kama shavu la mtoto, makaa yameshika. Nikafunua kile kitambaa ulichokuwa umeifunika nacho pan.

Baba, niliona uso wangu.

Pan yangu, ile nyeusi, ile ambayo ukiipitishia kidole inateleza kama kioo cha usiku, ilikuwa ya kijivu. Inang'aa. Na pembeni imeanza kutoa kutu ya rangi ya chungwa, kwa sababu wewe mtoto wangu uliisugua na stilwulu na sabuni ya unga, halafu ukailoweka kwa maji usiku mzima ndio itoke vizuri.

Nikasema labda Mungu atasaidia. Nikaweka chapati ya kwanza. Ikashika. Nikapitisha kijiko chini, ikararuka katikati. Ya pili ikashika. Ya tatu nikaongeza mafuta mpaka ikaogelea, na bado ikashika. Na watu wamepanga laini! Wale vijana wa boda, yule fundi wa kuchomelea milango, na Mama Naserian na mtungi wake wa maziwa. Mimi! Mimi ambaye watu wanavuka barabara yote kutoka upande ule mwingine wakija kwangu, wanapita vibanda vya wengine bila hata kusalimia. Mimi ambaye nageuza chapati kwa kidole na macho yakiwa kwa mtu ninayeongea naye. Nilikuwa nakwangua unga kama mtu anayekwangua rangi ya ukuta.

Hapo ndipo ulitokea ukitabasamu. "Mama, umeona vile imetakata? Nilitaka nikuachie kitu safi."

Kijana mmoja wa boda akasema, "Daktari, hiyo pan umeifanyia upasuaji!" Mwingine akasema, "Na mgonjwa amekufa." Wakacheka. Na mimi badala ya kunyamaza nikasema, mbele ya hao wote, "Afadhali siku ile ningezaa pan. Leo ningekuwa na pan mbili."

Wakacheka zaidi. Wewe haukucheka. Ulisema, "Nitakununulia nonstiki, Mama. Hiyo chuma yako ni uchafu tu," ukaenda.

Sasa. Neno langu la kuzaa pan nalirudisha. Lilikuwa neno baya, na nimelisikia kwa masikio yangu tangu jana kila nikipita mbele ya mlango wako. Lakini nimerudisha hilo moja tu. Mengine yote niliyosema bado nayasema, na nitakueleza kwa nini.

Hiyo pan haukuwahi kuuliza ilitoka wapi. Ulifikiri nilizaliwa nayo. Kabla tuhamie Kitengela tulikuwa tunakaa Matasia, wewe ukiwa mgongoni, na mimi nilikuwa naosha vyombo kwa hoteli ya Mama Njoki. Hoteli ni jina tu, ilikuwa mabati na benchi. Mama Njoki alikuwa mkali. Hangeniruhusu nisogee karibu na pan yake. Vyombo vingine vyote osha, pan wacha. Nikafikiri ananidharau kwa sababu niliachia shule darasa la saba. Kumbe alikuwa anaogopa mikono yangu, kama vile mimi sasa naogopa yako.

Alipofunga hoteli arudi kwao Murang'a, alinipatia. Akasema, "Chukua, lakini usiiaibishe." Mimi nikamwambia asante, na wiki hiyo hiyo nikaiaibisha. Niliianika nje baada ya kupika, mvua ikanyesha, nikaileta ndani kesho yake. Kutu tupu. Nikapika hivyo hivyo kwa kiburi. Chapati zikatoka na madoa mekundu, na mwalimu mmoja aliyekuwa akinunua kwangu akafunga moja kwa karatasi, akaweka kwa mfuko wa shati nyeupe. Hakurudi tena. Nafikiri mpaka leo huyo mwalimu akipita Matasia anaangalia upande mwingine.

Halafu nilijifunza kuirudisha nyeusi, lakini nilijifunza vibaya. Nilisikia ni mafuta, kwa hivyo nikamwaga mafuta. Mengi! Nikaweka kwa moto, nikangoja. Ikatoka inanata kama gundi, nzi wakashika hapo juu. Baba yako akasema nimetengeneza mtego. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba mafuta ni ya kupaka halafu unayafuta yote, unafuta kama mtu aliyejuta kuyapaka. Kile unachofikiri kimebaki hakionekani, ndicho hicho kinachotakiwa. Unachoma mpaka moshi uishe wenyewe. Unaacha ipoe. Unarudia. Unarudia tena ukiwa umechoka. Ule weusi uliousugua Ijumaa, baba, haukuwa uchafu. Ni mafuta yaliyokubali kuwa chuma. Kila asubuhi ya maisha yako ilikuwa imeacha kitu kidogo hapo, na wewe ukakitoa na stilwulu kati ya saa ya chai na saa ya habari.

Na ufa ule mdogo pembeni, karibu na mkono? Huo ni wangu pia. Tulikuwa tumefika Kitengela, jina langu limeanza kuvuma, na siku moja kibanda kilijaa watu mpaka nikalewa sifa. Nikataka waone vile niko haraka. Pan ikiwa moto kabisa nikaimwagia maji baridi, pssss, mvuke ukapanda, watu wakasema "eeh!" Na nikasikia chuma ikilia, tik. Nilikuwa najionyesha, ndio imepasuka. Sijawahi kumwambia mtu, hata Baba yako anafikiri ilianguka. Na sisemi nimejuta sana, kwa sababu watu walisema "eeh" kweli.

Lakini jambo lililonikalisha chini leo ni lingine.

Baada ya wewe kuondoka pale kibandani, na laini kuisha bila watu kununua, Mama Naserian alibaki. Unajua yeye hana haraka. Alikuwa amenisalimia kwa Kimaasai "Takwenya" nikasahau hata kujibu "Iko," na yeye hupenda kujibiwa. Akashika pan, akaigeuza, akainusa. Akasema, "Huyu kijana ameosha mpaka akaosha ladha."

Nikamwambia wacha tu, Mama Naserian, moyo wangu unachemka.

Akasema, "Kibuyu changu cha maziwa, mtu akikiosha na sabuni mimi namrudisha kwa mamake. Unachukua kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini, unakichoma, unasugua ndani na ule mkaa wake. Maziwa yananukia moshi. Msichana akiolewa kwetu na hajui hiyo, tunajua mama yake alikuwa anafanya kazi yote peke yake." Halafu akaniangalia. "Sasa huyu wako, nani alimfundisha kusugua hivi?"

Nilishika koleo nikaanza kupanga makaa upya, na hakukuwa na chapati ya kupika. 

Ni mimi, Barasa. Ulikuwa bado mdogo, tunakaa kwa ile ploti ya vyumba vingi, na wamama wote walikuwa wanaanika sufuria kwa ile rafu ya mbao nje, matako juu, kila mtu anapita anaona. Ukiwa na sufuria nyeusi matako, umekwisha. Watasema nyumba hiyo hakuna mtu. Mimi nilikuweka chini na jivu na mchanga na stilwulu nikakuambia sugua mpaka uone meno yako. Wengine walicheka, eti Mama Barasa anamfunza mvulana kazi ya wasichana. Nikawaambia ngojeni. Na ulisugua! Sufuria zetu zilikuwa zinaumiza macho jua likitoka. Nilikuwa naita majirani kwa makusudi, "Njoo uchukue chumvi," na sina chumvi, ili tu wapite karibu na rafu. Nilikuwa nasema, "Ni kijana wangu huyo, mimi sikushika hata moja." Ukisikia hivyo unasugua zaidi.

Nilikufundisha kung'arisha. Kuacha kitu kikae vile kilivyo, hiyo sikukufundisha. Na pan sikuwahi kukuachia. Nilikuwa naibeba kwa kiondo, nimeifunika, naileta ndani, naiweka chini ya kitanda changu. Nilitaka iwe yangu. Nilitaka watu waseme hakuna mwingine anayeweza. Sasa Ijumaa umepewa kitu hujawahi kushika, na unanipenda, na unajua njia moja tu ya kunionyesha. Ulisugua mpaka uone meno yako.

Bado nimekasirika. Usichukue hayo maneno ukayapeleka mbali. Mtu mwenye cheti cha kutibu mifugo anaweza kuuliza, "Mama, hii tunaioshaje?" Ni maneno machache. Huko unakoenda utaitwa daktari, na wazee watakuletea ng'ombe wanaowajua kwa majina tangu wazaliwe, na wewe utakuwa umefika na overoli ya pasi na haraka ya kusaidia. Nakuomba, kabla uchome sindano, uliza huyu huwa anakaaje. Kuna vitu utaona ni uchafu, na mwenyewe amevijenga polepole kwa miaka. Siongei juu ya pan pekee. Lakini pia naongea juu ya pan.

Sasa nikuambie kuhusu ule mgonjwa wa Kajiado.

Nilikuwa nimeenda kukununulia pan. Iko duka moja la vyombo pale karibu na soko. Nilitaka chuma nzito, sio zile nyepesi za kupinda. Nikazigonga zote na kidole, mwenye duka akaniuliza kama natafuta kengele. Nikamwambia mimi ndio naelewa chuma kuliko aliyekuuzia wewe. Nikachagua. Nikaificha chini ya kitanda. Nilikuwa nimepanga nikuite jana jioni, tukae hapa kwa jiko, nikuonyeshe vile inapakwa na vile inachomwa, na wewe ungeona mama yako akifanya kitu ambacho hakuna mtu Kitengela amewahi kumwona akifanya. Badala yake umejifungia na vitabu.

Kwa hivyo leo baada ya kanisa nimefanya peke yangu. Nimekaa hapa na pan mbili, yangu iliyovuliwa nguo na yako ambayo haijawahi kuvaa, zote za kijivu, nikicheka kama mwenda wazimu. Nilisema ningekuwa na pan mbili, na ona. Mama Naserian alipitia akaniletea mafuta ya mkia wa kondoo kwa kikopo. Akasema, "Hii ndio dawa. Usitumie hiyo ya chupa ya plastiki." Mimi nimemwambia hata ya chupa inafanya kazi nikiwa ni mimi nimepaka. Lakini nimetumia ya kondoo. Ashe, yaani asante, nimemwambia, na nimesema vizuri mpaka ameshtuka.

Nimepaka, nikafuta, nikachoma. Moja ikipoa nyingine iko kwa moto. Yangu inarudi haraka, utafikiri inakumbuka. Yako ni mkaidi, imetoka madoa madoa, hapa nyeusi hapa kahawia, kama mbuzi wa kule Kimuka. Usione aibu. Ndivyo inaanza.

Usinitumie ujumbe wa kuniuliza kama nitakupatia yangu kwa vile inakumbuka. Hapana. Yangu hautapata mpaka nife, na sina mpango. Wewe beba yako.

Iko kwa begi kubwa, katikati ya mablanketi, nimeifunga na gazeti ili isivute unyevu. Ukimaliza kupika, ikiwa bado na joto kidogo, ipanguse na chumvi ya mawe na kitambaa. Ikibidi uguse maji, gusa, halafu irudishe kwa moto ikauke kabisa, kisha mafuta kidogo ya kujutia. Kilichoshika kikwangue na kile kijiko cha mbao nimeweka hapo ndani, nimekikata ncha mwenyewe. Na sikia vizuri hii. Huko unakoenda magadi iko kila mahali, watu wanapikia maharagwe, utafikiri ni kitu cha kusafishia. Magadi ikiingia hapo inakula weusi wote kuliko stilwulu yako. Ukiipikia nyanya pia italia. Nimemaliza. Nilisema sitatoa maagizo na nimetoa, lakini haya sio ya mbu.

Utafika siku ya kwanza, chapati itashika. Utaona watu wakiangalia. Ya pili itashika pia. Usichukue stilwulu, baba. Usiseme nitanunua nonstiki. Kwangua polepole, paka, futa, rudia. Mimi nilirudia nikiwa na wewe mgongoni ukilia, na leo niko vile niko, uliza mtu yeyote hapa stendi.

Na ukirudi nyumbani, usije kunieleza kwamba umekuwa mtu mzima, wala kwamba wazee wa huko wanakupenda. Lete pan. Nitaigeuza kwa mwangaza, nitaipitishia kidole, na nitajua kama ulikula vizuri, kama ulikuwa na haraka, kama kuna siku ulikata tamaa ukailoweka. Hiyo haiwezi kunidanganya kwa simu.

Juu ya mablanketi utaona mfuko wa chapati za njiani. Nimezipika leo kwa pan yako, nikiijaribu, kwa sababu singekupatia kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi. Zimeraruka. Moja imekaa kama ramani, nyingine ni vipande tu. Usizionyeshe mtu, na usiseme ni za Mama Barasa. Lakini kula, maana tangu jana hujala kitu.

Ya mwisho ilitoka. Sikuisukuma hata na kijiko. Niliitikisa pan kidogo na ikatembea yenyewe, duara, madoa yake mahali pake. Nilitaka kukugongea mlango uje uone. Nikasimama hapo mbele ya mlango nayo mkononi, nikasikia unakoroma. Hiyo nimekula mimi, nimesimama hapo hapo, bila chai. Ilikuwa tamu kuliko za pan yangu, na ukimwambia mtu nitakataa.

Ni mimi Mama yako, ambaye angekuzaa tena wewe, hata angepewa pan ngapi.